Yaya, Ulitoa Ushuhuda Mapema

Yaya wangu mpendwa, dada yangu mkubwa,

Tangu tukuzike sijalia. Watu wa hapa Panda wananisifu nina moyo mgumu, kumbe sisikii kitu, kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi. Nakuandikia nijaribu kulia.

Unakumbuka muuguzi alipokupa mpira mdogo wa kukamua, maana tension yako, shinikizo la damu, ilikuwa juu hata kwa dawa? Ulimcheka usoni.

"Shi minye niko nakamula manguo tangu mutoto, juu ya nini tension haishukake?"

Akakueleza kwa upole: nguo tunazikamua kwa nguvu zote, tumefunga pumzi, na hapo tension hupanda. Mpira unaubana kwa nguvu kidogo, unaushikilia dakika mbili huku ukipumua, unapumzika, unarudia. Wiki kwa wiki mishipa inazoea kulegea. Lakini dawa haziachwi, alisema.

Basi ukawa unakamua jioni bukari, ugali wetu, ikiiva, huku unamsengenya mume wangu nami nipo. Ukipandwa na hasira unabana mpira mpaka unasahau kupumua. Nakwambia, "Pumua, yaya." Unacheka, unapumua.

Tension ikashuka. Ukasimama kanisani ukashukuru kwamba Mungu amekuponya, vigelegele vikapaa. Hakuna aliyekuambia uache dawa, hata mchungaji. Uliziacha mwenyewe. Nilipokuuliza ulikasirika.

"Nitameza dawa namna gani, na bantu bote balisema amina?"

Tuligombana sana. Ukabaki na mpira peke yake, na mpira peke yake haukutosha. Mshipa ukapasuka kichwani.

Nilidhani nitamchukia mtu. Hata chuki haikuja.

Sasa tension ni yangu. Nakamua, nameza dawa, nayo imeshuka. Barua niliiachia hapo, naiendeleza leo Jumapili: asubuhi kanisani waliniita mbele nishuhudie. Nikasema, "Mungu amenisaidia. Na dawa minye niko nameza kila asubuhi, sitaacha." Amina zilikuwa chache, yaya. Wengine walitazama chini.

Nilipotoka, mama mmoja wa kwaya alinifuata mpaka barabarani, akanishika mkono kwa nguvu.

"Minye pia nilitoaka ushuhuda," akanong'ona. "Dawa niliacha. Weye unaona nirudilie?"

Niligeuza njia, nikampeleka kwa muuguzi wako vilevile tulivyovaa nguo za ibada. Alipofungwa kile kitambaa cha kupimia mkononi, nilimwambia, "Pumua, yaya." Jina lako likanitoka hivyo, kwa mtu mwingine, na machozi yakaja.

Pumzika, nami nitaendelea kupumua.

Mdogo wako