Niliomba Mchele

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Shikamoo yako nimeipokea, ingawa mimi ni bibi yako kwa ukoo tu na nimekuzidi miaka kumi na mitano. Hapa Korogwe sote wazima. Mama yangu amepanda mlimani Dindira kuchuma chai.

Umeniuliza utazoea lini huko ugenini wazazi wako wanakohubiri. Mimi na babu yako tulipotumwa Malawi, wiki ya kwanza tu nilifunga begi nirudi. Nilikuwa nimemwomba mama jirani mchele wa kuwapikia wageni wa kanisani, akaniletea chumvi kwenye kikombe. Nikaona ananidhihaki. Siku tatu sikumsalimu, na sala zangu zilijaa hasira.

Siku ya nne akabisha hodi, akiniita mama kwa lugha yake: "Odi, amayi!" Alishika kikombe kingine cha chumvi, kimejaa hadi juu, alichokwenda kuazima kwa dada yake. Alidhani nimenuna kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa kidogo.

Babu yako, aliyekuwa ameanza kujifunza Kichewa, alicheka mpaka akakaa chini. "Mke wangu, hapa mchere ni chumvi! Mchele wanauita mpunga. Umepewa ulichoomba, na nyongeza juu!"

Nilikwenda kumhubiria mama yule habari za upendo, naye alikuwa akiniletea upendo wenyewe, kikombe kwa kikombe. Nilimshika mikono. Alipoondoka nikaenda chumbani, nikafungua begi, nikatundika magauni yangu.

Wasalimie wazazi wako.

Bibi yako,
Eliza