Chaudière ya Jikoni na Kichwa cha Mama

Brussels, Alhamisi, Februari 1996. Barafu dirishani, nyumba baridi, moyo umetulia.

Leo nimeizima chaudière, na haitawashwa tena. Ni ile mashine ya gesi iliyo jikoni, inayopasha moto vyumba vyote na maji ya kuoga. Tuliikuta humu tuliponunua nyumba hii ya mtaa wa Saint-Josse, tayari imezeeka. Mume wangu, Salumu, ameitengeneza mara nne kwa mikono yake. Bujumbura alikuwa fundi wa injini za meli. Hapa anasafisha ofisi za watu. Mashine hiyo ndiyo pekee iliyokuwa bado inamfanya fundi. Nalijua hilo, ndiyo maana muda mrefu sikudai tununue mpya.

Mama yangu ana miezi mitatu hapa tangu atoke Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura. Wiki mbili sasa analalamika kichwa. Nikamwambia ni baridi ya Ulaya, atazoea. Jumapili tulipokwenda soko la Midi kilipoa kabisa, akawa anacheka na wauza vitambaa. Jioni, nyumbani, kikaanza tena. Nikamtania kwamba dawa yake ni kuzurura sokoni.

Mimi, ninayetunza wazee kazini kila siku, nilimtania.

Asubuhi nimemkuta ameketi sakafuni jikoni, mgongo ukutani, uji unaungua motoni. Alinitazama kama hanijui.

"Miguu imekataa, mwanangu."

Hapo ndipo akili yangu ilipofunguka: kichwa kinachopoa nje na kurudi ndani kinatokana na hewa ya nyumba. Nikafunga gesi, nikafungua dirisha na mlango, nikamburuta hadi nje. Hospitalini wamempa oksijeni mpaka saa nane mchana. Daktari alisema amevuta hewa ya sumu inayotoka kwenye gesi isiyoungua vizuri; haina rangi wala harufu. Sasa amerudi, anakula, anaisema vibaya supu ya hospitali. Alhamdulillahi.

Saa kumi akaja Papa Ilunga, fundi wa mabomba, mtu wa Lubumbashi. Akaifungua mashine, akamulika ndani kwa tochi.

"Bon, Maman, tumbo yake, pale moto inawakaka, imepasuka. Moshi inarudia mu nyumba. Pièce naweza kupata, naweza kutengeneza. Lakini na bomba ya moshi imeoza. Hata nikitengeneza, miye mwenyewe siwezi kulala humu."

Salumu akauliza habari za ile pièce, yaani kipuri. Akauliza tena.

"Tubadilishe hiyo tu," akasema. "Mashine hii naijua."

"Unaijua," nikamjibu, "na leo ilikuwa karibu imuue mama yangu. Tunaweka mpya, na bomba jipya. Mimi nimeshaamua."

Sijawahi kusema naye hivyo mbele ya mgeni. Akatoka kwenda uani. Nilidhani amekasirika. Nilipomfuata nikamkuta analia. Mara ya mwisho kuigusa mashine ile ilikuwa wiki mbili zilizopita, akasema. Siku zilezile kichwa cha Mama kilipoanza.

Sikumwambia si kosa lake, maana sijui. Nilimwambia kwamba siku zote hizo Mama alikuwa akinieleza mimi, na mimi nilikuwa nikicheka. Tukasimama pale kwenye baridi, bega kwa bega, mpaka vidole vikafa ganzi.

Kisha akaingia ndani, akavua koti, akachukua spana. Yeye na Papa Ilunga wameishusha mashine wenyewe kutoka ukutani.

"Papa Salumu, lundi tunaweka mpya sisi wawili," Papa Ilunga akamwambia akiondoka. "Mikono yako nitaihitaji."

Salumu akaitikia kwa kichwa. Mpaka Jumatatu tutaoga kwa maji ya birika la umeme na kulala na makoti. Sijutii hata kidogo.

Kuanzia leo, mtu wa nyumba hii akiniambia anaumwa, nitamwamini kwanza. Ubishi utasubiri.