Ukurasa wa Sitini na Moja

Strandavík, 16 Novemba 1979

Mpendwa Bibi Jófríður,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute goti limetulia na kondoo wote wameshaingia zizini. Mimi ni mzima, ingawa jana nilitamani niwe mgonjwa, maana mgonjwa haitwi bwawani.

Klabu ya vitabu ya hapa hukutana Alhamisi, kwa kuwa siku hiyo televisheni hairushi matangazo, na hukutana ndani ya bwawa dogo la maji moto. Wako watatu: Steinvör wa maktaba, Bergur fundi umeme aliyestaafu, na Hallvarður, mkuu wa wilaya, yaani bosi wangu. Yeye ndiye aliyeniambia, "Karani mpya, na wewe uje." Ningekataaje? Mkataba wangu unaisha mwisho wa Februari, na wa kuurefusha ni yeye.

Nilikaa saa nzima maji yakiwa kidevuni bila kutamka neno. Mwishoni Steinvör akaniuliza, "Eyrún, umekuja kuongea au kuoga tu?" Wakacheka. Hallvarður akasema, "Ndivyo alivyo. Ofisini nikitaka kujua kama yupo, naangalia koti lake msumarini."

Bibi, maoni ninayo, lakini yakifika kooni yanageuza njia. Tarehe sita Desemba tutajadili vitabu viwili: kile cha mlinzi wa mnara wa taa, na kile cha upelelezi kilichotafsiriwa kutoka Kideni. Najua vyote umevisoma. Niandikie unavyoviona, nikariri. Karatasi siwezi kuingia nayo majini.

Tafadhali usipige simu. Laini yenu ni moja kwa mashamba yote, na jirani yako Petrína ni dada yake Hallvarður. Simu haijawahi kulia kwako bila yeye kuinua mkono wa simu yake asikilize.

Mjukuu wako,
Eyrún


Hvammur, 24 Novemba 1979

Mwoga wangu Eyrún,

Marahaba. Goti linauma likitaka, kondoo wako ndani, na kondoo dume wa kijivu ameng'oa mlango mara mbili. Kwa hiyo tuko vizuri.

Vitabu vyako. Huyo mlinzi wa mnara haongei na mkewe kwa kurasa mia tatu, na wakosoaji wa gazetini wanamwita fumbo. Mimi niliolewa na mwanamume wa namna hiyo. Si fumbo. Anangoja kahawa. Halafu ukurasa wa arobaini kondoo wanazaa mwezi wa pili! Kondoo gani hao, wenye haraka ya kuja kuona theluji? Mtu asiyejua kwamba kondoo huzaa Mei asiniambie habari za upweke wa shamba. Mke ndiye mwenye kitabu. Ukurasa wa mwisho anapotoka na birika lake nilisimama jikoni nikampigia makofi.

Cha upelelezi nimekipenda, ila hesabu haikubali. Kijiji cha watu arobaini, wanakufa kumi na watatu, na hakuna hata mmoja anayehama? Duka bado linafunguliwa saa tatu? Mimi wa tatu tu akifa ningekuwa kwa dada yangu kusini.

Sema hivyo. Wakikuuliza umetoa wapi, waambie umesoma. Si uongo, barua yangu si utaisoma?

Bibi yako,
Jófríður


Strandavík, 7 Desemba 1979

Mpendwa Bibi,

Shikamoo tena. Natumaini mlango wa zizi umepata komeo jipya na dume wa kijivu amepata adabu. Mimi leo naandika nikitabasamu.

Niliandika maneno yako kwenye mkono kwa wino. Maji yaliyafuta kabla hata sijakaa, lakini nilikuwa nimeshayakariri. Niliposema "Si fumbo, anangoja kahawa," Steinvör alipiga maji kwa kiganja. Kwenye kondoo wa Februari Hallvarður alipaliwa, ikabidi Bergur ampige mgongoni. Leo asubuhi bosi alisimama mbele ya meza yangu, mahali ambapo huwa anapita tu, akasema, "Kumbe humo ndani kuna mtu."

Sikuwaambia kwamba mtu huyo ni wewe. Jambo hilo linanisumbua kidogo.

Linalonisumbua zaidi ni hili. Kitabu cha Januari ni cha Hallvarður mwenyewe. Amekiandika miaka tisa: utoto wake bondeni kwenu, baba yake, ujenzi wa daraja. Kimetoka kwa mchapaji wiki hii na Krismasi kila mtu ofisini atapewa nakala. Tarehe kumi na saba Januari tutakijadili, mwandishi akiwa majini pamoja nasi, goti kwa goti. Aliniambia mbele ya wote, "Wewe usinihurumie."

Bibi, anayesema hivyo huwa anataka nini? Petrína hatakosa kukuazima nakala. Isome upesi unitumie maneno, na safari hii chagua ya upole. Ninaipenda kazi hii. Ninapenda hata harufu ya wino wa muhuri.

Mjukuu wako,
Eyrún


Strandavík, 11 Januari 1980

Mpendwa Bibi,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Hujambo kweli? Nauliza kwa sababu barua yako haijafika, na posta wanasema njia ya mlimani imefungwa na theluji tangu tarehe sita.

Ndiyo maana jana nilipiga simu, nikijua si busara. Ulipoitika tu nikasikia pumzi ya mtu wa tatu kwenye laini, ndipo nikauliza habari za kondoo. Ukasema wazima. Nikauliza hata dume wa kijivu. Ukasema naye mzima. Halafu Petrína akadakia, "Na kitabu cha kaka yangu, Eyrún, kimekugusa?" Nikasema ninaitwa, nikakata. Samahani.

Zimebaki siku sita. Nimekisoma kitabu mara mbili. Nina maoni, Bibi, na ndiyo yanayonitisha.

Mjukuu wako,
Eyrún


Strandavík, 18 Januari 1980

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Sijui barua hii utaipata lini, lakini nisipoandika leo sitalala. Mwili wangu ni mzima. Mengine soma mwenyewe.

Jana theluji ilikuwa ikituangukia vichwani. Steinvör alianza: "Kimeandikwa kwa usafi." Bergur akasema, "Karatasi nzuri." Hallvarður akanigeukia. "Na karani wangu? Mlinzi wa mnara ulimzamisha. Mimi je?"

Nilitaka kusema karatasi ni nzuri, lakini Bergur alikuwa ameshayachukua maneno hayo.

Basi nikasema, "Hallvarður, mimi kutwa napiga muhuri kwenye hati, na kitabu hiki ni hati. Baba hakosei, jirani hakosei, hata dhoruba ina adabu. Isipokuwa ukurasa wa sitini na moja."

"Una nini ukurasa huo?"

"Mbwa anapelekwa nyuma ya zizi kupigwa risasi, nawe umejificha kwenye nyasi kavu. Mama yako anaingia, anakaa kando yako, hasemi kitu. Anafuma soksi. Nikageuza ukurasa, nikakuta mbao za daraja, na mama haonekani tena mpaka siku ya kuzikwa kwake. Mimi nilitaka kubaki pale kwenye nyasi. Nilitaka kujua soksi ile iliishia wapi."

Hallvarður aliinuka, mvuke ukimtoka mabegani, akaenda zake. Taulo lake alilisahau kwenye ndoano.

"Umemchemsha," Bergur akasema.

Hapo nikaona afadhali nimalize yote. Nikawaambia maneno ya Desemba yalikuwa ya bibi yangu wa Hvammur.

"Kumbe tulimwalika bibi kizee!" Bergur akacheka. Steinvör hakucheka. Akauliza, "Na ya leo? Nayo ni ya bibi?"

"Hapana," nikasema. "Ya leo ni yangu."

Bibi, jana sikuogopa. Nimeogopa leo. Taulo nilimpelekea asubuhi, limekunjwa. Akasema asante bila kuinua macho. Februari iko karibu. Lakini hata nikirudi Hvammur kuhesabu kondoo, ukurasa wa sitini na moja ndio ulio hai, na sitasema vingine.

Mjukuu wako,
Eyrún


Hvammur, 27 Januari 1980

Eyrún wangu,

Marahaba, marahaba mbili, maana barua zako mbili zimefika kwenye mkoba mmoja. Goti liko palepale. Yangu niliyokuandikia tarehe tano nimeikuta bado kwa mpeleka barua, imelala chini ya magazeti wiki tatu. Naiweka humu ndani. Utaona kwamba nilikuagiza usifu sura za daraja.

Na nazisifu bado! Umekosea, mtoto wewe. Kabla ya daraja lile tulivuka mto kwa farasi, na shangazi yangu hakufika ng'ambo. Wewe umezaliwa ukalikuta, ndiyo maana mbao zake zinakuchosha. Baba yake Hallvarður alikuwa vilevile alivyoandikwa: amenyooka, hana utani. Nililia sura ya nane. Nenda kaisome tena.

Ukurasa wa sitini na moja niliupita bila kusimama. Niliurudia baada ya barua yako. Hapo umenishinda.

Sasa sikiliza, na haya huyajui. Jumapili iliyopita simu ya Petrína ililia, nami mkono wangu ukainuka wenyewe. Alikuwa Hallvarður. Hakusalimia hata. Akauliza, "Petrína, ile soksi aliyokuwa anafuma mama siku ya mbwa, ilikuwa ya nani?"

Petrína akasema, "Yako. Aliifumua yote kesho yake. Alikuwa amekosea kila mstari, na mama hakuwahi kukosea soksi."

Wakaongea saa nzima. Mashamba yote tulikuwa kwenye laini na hakuna aliyekohoa. Mwishoni Petrína akauliza, "Na huyo msichana wa Jófríður, utamwondoa?" Kaka yake akajibu, "Nimwondoe? Watu wote wamesifu jalada. Huyo amesoma."

Mimi sikusikia kitu, kwa sababu sikuwa kwenye laini. Kwa hiyo akikuambia, shangaa.

Kitabu cha Februari nimeshakianza. Nina mengi ya kusema.

Bibi yako,
Jófríður


Strandavík, 28 Februari 1980

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Natumaini goti linakubali baridi hii. Mimi ni mzima, na kuanzia Machi ni karani wa kudumu. Hallvarður alipoweka mkataba mezani nilishangaa kama ulivyoagiza. Nilizidisha, akaniuliza kama naumwa. Chini ya mkataba kulikuwa na kurasa nne mpya, na juu ameandika kwa penseli: Soksi. Anataka nizisome kabla ya mtu mwingine yeyote.

Sura ya nane nimeirudia. Bado inachosha. Nikija Mei, kondoo wakizaa, tutagombana vizuri.

Barua yako kuhusu kitabu cha mwezi huu imefika asubuhi, nene kuliko zote. Sijaifungua. Iko kwenye mfuko wa koti, koti liko msumarini. Leo ni Alhamisi, nami nakwenda bwawani.

Mjukuu wako,
Eyrún