Nani Aliulizwa Kuhusu Gulio?

Jumapili, jioni. Ukungu umefunika Lushoto tangu adhuhuri. Nimevaa sweta na kujitanda khanga juu yake, na bado natetemeka. Sijui kama ni baridi au hasira.

Hasira ilianza kwenye kundi la mtandaoni la kijiji chetu, kule juu njia ya Mtae. Mtu aliweka kura kwenye simu: gulio la Jumamosi libaki kileleni, au lihamie chini kando ya barabara kubwa, malori yanakofika? Karibu wote wakabonyeza "Lihame". Mwenyekiti wa kijiji akaandika kwamba Ijumaa ijayo atayapeleka matokeo mkutanoni kama sauti ya wananchi.

Wananchi gani?

Nilipitia majina. Binamu yangu wa Dar es Salaam, ambaye mara ya mwisho kununua karoti gulioni alikuwa hajaota ndevu. Wenye malori. Mnunuzi wa Muheza ambaye hata sijui nani alimwingiza. Mwingine ana laini mbili na amepiga kura kwa zote. Mama yangu ana kitochi, simu ndogo isiyoingia mtandaoni. Majirani zake wa bondeni nao ni vitochi, na wengine hawana simu kabisa.

Mama anauza maharage pale kileleni tangu nikiwa mgongoni mwake. Gulio likihamia barabarani, kwa umri wake ni mbali, biashara itakuwa imekwisha. Hilo ndilo lililonipandisha mori.

Gulioni kwetu hakuna mnunuzi anayeamini maharage ya mdomoni mwa gunia. Kila mtu anajua mazuri hupangwa juu. Mnunuzi hupiga bambo, kile kichuma chenye mfereji, akachota punje za katikati na za chini kabla hajasema bei. Niliwahi kufanya kibarua cha kudodosa watu kwa ajili ya utafiti, na tulifundishwa jambo hilohilo kwa jina kubwa la sampuli nasibu: kila nyumba iwe na nafasi sawa ya kuchaguliwa, hata ile usiyotamani kuipandia mlima.

Basi Jumatano nilifunga duka langu hapa mjini nikapanda nyumbani kijijini. Niliandika kila nyumba kwenye kikaratasi, nikatia vyote kwenye sufuria, nikatikisa, nikachomoa bila kuangalia. Nyumba zilizotoka nilizizungukia zote kwa miguu, shikamoo kila mlango, na kila mlango nikakaribishwa chai. Karibu wote wakasema gulio libaki.

Nilifurahi. Furaha yenyewe haikufika jioni.

Nyumba ya mwisho, bibi mmoja wa bondeni alinishika mkono akasema, "Libaki, mwanangu. Mama yako atauzia wapi?"

Nikashtuka. Bibi yule hakujibu kuhusu gulio. Alimjibu binti wa jirani yake, mgeni aliyekunywa chai yake. Kwetu nani atamkatalia mtoto wa mwenzake usoni? Nikaanza kuzishuku chai zote nilizokunywa siku ile.

Nikamwomba Rehema, mwalimu mgeni pale shuleni, asiye na ndugu hata mmoja kijijini, azirudie nyumba zilezile bila kunitaja. Amenipigia leo mchana. Majibu yamegawanyika. Wengi walioniambia libaki wamemwambia yeye lihame, wamechoka kupandisha mizigo. Wengine hawajali, likae popote.

Akaniambia kuna nyumba ambayo hakujua kama anieleze.

Kikaratasi cha mama kilitoka kwenye sufuria siku ile. Nilicheka, nikamjazia jibu mimi mwenyewe: libaki. Nisimjue mama yangu?

Rehema alimuuliza. Mama, kwa Kiswahili anachokiweka kwa ajili ya wageni, alimjibu, "Mimi lihame tu, mwalimu. Magoti yamekwisha, na likihama nitapata sababu ya kuacha. Ila binti yangu asisikie. Akija Jumamosi anafurahi sana kunikuta pale."

Nimelia. Nimeandika sentensi hii na kuifuta mara kadhaa, lakini ndivyo ilivyo, nimelia.

Niliwashuku wenye malori, binamu, mwenyekiti, hata bibi wa watu na chai yake. Mama amekuwa akipanda kilele kile na gunia kichwani ili mimi nifurahi, na mimi nilikuwa nazunguka nyumba za watu kumtetea aendelee kupanda.

Ijumaa nitakwenda mkutanoni. Nitasema kura ya simu haifai, kwa sababu haifai. Nitasema pia kwamba udodosaji wangu haukufaa, na waulizwe upya na mtu asiye wa kwetu.

Kabla ya hapo inabidi nizungumze na mama. Tatizo ni kwamba nikimuuliza mimi, atanijibu ninachopenda kusikia, kwa Kishambaa, huku akinimiminia chai.

Nimtume nani kwa mama yangu mwenyewe?