Beji ya Mkufunzi

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekataa mara nne. Ya kwanza kwa hasira. Ya pili kwa machozi. Ya tatu nikajifanya kiziwi. Ya nne nikasema siwezi kuamua kabla ya kumuuliza kaka yangu aliye Awasi. Daktari wa kutoka Nepali akaweka kalamu chini, akatazama dari.

Ndiyo kazi yangu hapa hospitalini, mimi babu mkaidi. Mjukuu wangu ni mdoli wa plastiki, eti ana homa ya uti wa mgongo. Madaktari wa watoto waliotoka nchi za mbali wanajifunza kuniomba ruhusa ya kumtoa maji ya mgongo kwa sindano, wayapime. Nisipokubali, hawamgusi.

Daktari Kaur ndiye mwenye mafunzo. Binti wa Kalasinga, alizaliwa hapa hapa Kisumu, Dholuo yake safi kuliko ya mchungaji wetu. Alisikia kila Pasaka mimi ndiye Yuda kwenye igizo la kanisani, akasema huyo ndiye ninayemtaka.

Wametugawia beji za utepe wa buluu. Za madaktari zina majina yao. Yangu imeandikwa MKUFUNZI. Mimi, darasa la sita, niliyetoroka shule kwa kuogopa hesabu. Nimeivaa mpaka nyumbani. Mke wangu, Mama Ouma, ameuliza kama nimeanza kukata tiketi. Hasomi Kiswahili, ndiyo maana naandika kwa Kiswahili.

Jumatano, 5 Machi

Daktari Pilar wa Peru ananipenda bure tu. Mdogo wa mwili, Kiswahili amejifunza kwa miezi sita na anakisema kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Leo aliniambia, "Mzee, tutatoa mgongo wa mtoto." Nikamuuliza, mkishautoa mtoto atakaa vipi? Darasa zima likaanguka. Akacheka mpaka akafuta macho, akaandika kwenye daftari: MAJI ya mgongo.

Mwishowe nilimkubalia. Hakunisukuma. Alikaa sakafuni karibu na miguu yangu akaniuliza naogopa nini hasa. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

Alhamisi, 6 Machi

Wodini ameletwa mtoto wa kweli. Awino, miaka minne, wa Muhoroni. Baba yake mkata miwa. Homa, shingo imekaza. Nilimfuata Pilar kwa umbea tu. Nikatoa sauti ya kuku aliyetaga. Yule mtoto akacheka ingawa kichwa kilimuuma, akaniambia kuku wao huko nyumbani analia vizuri kunishinda. Mdomo mrefu. Nilimpenda.

Wamempiga sindano ya kwanza ya dawa. Maji ya mgongo yatatolewa kesho, mama akitia sahihi. Mama yake anaitwa Akinyi.

Saa nne nikaenda kibanda cha chai nje ya geti. Watu walitaka babu mkaidi. Nikasimama, nikavua kofia, nikawapa ile ninayoipenda: "Mjukuu wangu walimtoa maji ya mgongo asubuhi. Mchana nikabeba sanduku lake kwenda kaburini." Nikayumba kama niliyebeba. Mandazi yalimpalia mtu. Akinyi alikuwepo, amefuata maji ya moto. Hakucheka. Akaniuliza kwa adabu kama mimi ni wa hospitali. Badala ya kujibu nikainua beji. Tukaongea. Akanieleza anakokaa, nyumba za wakata miwa nyuma ya kiwanda, ya mwisho, yenye mpapai. Nikamwambia mtoto wake ana mdomo wa wakili.

Nimeandika yote niliyomwambia. Sikumwambia kwamba ulikuwa mchezo. Sikukumbuka tu.

Ijumaa, 7 Machi

Kitanda kitupu. Akinyi alimfunga mtoto mgongoni asubuhi, wakati manesi wanapokezana zamu, akaondoka. Simu yake imezimwa. Mama wa kitanda cha pili anasema aliogopeshwa na mtu wa hospitali, mwenye beji ya utepe wa buluu.

Watu wenye utepe wa buluu tuko tisa.

Pilar amejihesabia kosa. Jana jioni ni yeye aliyekaa na Akinyi kumweleza. Anasema lazima ulimi uliteleza tena, akasema mgongo badala ya maji ya mgongo. Alilia mbele ya wote. Mimi nilikuwa nimekaa na mdoli mapajani.

Nikamfunga mdoli vifungo.

Jumamosi, 8 Machi

Hakuna mafunzo. Daktari Kaur alipiga simu huku na huku, hata kwa wazee wa mitaa Muhoroni. Kwenye fomu jina la kijiji halisomeki. Mimi najua nyumba. Ya mwisho, yenye mpapai.

Nimerekebisha mlango wa choo ambao haukuwa umeharibika.

Pilar anataka kurudi kwao. Amesema daktari asiyeweza kuongea na mama hana kazi kwa mtoto.

Mwoga ni mimi. Mwoga, mzee mzima.

Jumapili, 9 Machi

Mchungaji aliniuliza kama mwaka huu tena nitakuwa Yuda. Watu wakacheka. Nikatoka ibada haijaisha, nikampigia Daktari Kaur nikiwa kando ya barabara. Nikasema yote, kibanda, sanduku, beji. Aliuliza kwa Dholuo kitu kimoja tu, kama nyumba naijua.

Alikuja na gari lake. Baada ya Awasi matrekta ya miwa yalijaa barabarani, akawa anapiga honi kuliko kawaida ya daktari.

Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka, kichwa kimevutwa nyuma kama upinde. Hakunitambua. Bibi yake alikuwa amemwosha kwa manyasi, dawa ya miti shamba. Daktari Kaur alitaka kuingia mbio, Akinyi akasimama mlangoni. Nikavua beji. Nikamwambia mimi si mwalimu wa mtu, ile ilikuwa maigizo, mjukuu niliyemsema ni mdoli, na sijabeba sanduku lolote.

Akaniangalia sana. "Sasa nikuamini lini, Mzee? Siku ile ulikuwa unadanganya, ama ni leo?"

Nikaitia beji mfukoni.

Nikamwambia, "Siku ile nilikuwa natafuta watu wacheke. Angalia leo kama kuna mtu anacheka."

Hakusema ndiyo. Alichukua leso akamfunga mtoto, akaingia garini. Njia nzima hakunitazama tena.

Jumatatu, 10 Machi

Akinyi ametia sahihi. Pilar ndiye aliyetoa maji. Yalikuwa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele. Daktari Kaur anasema yangepaswa kutolewa Ijumaa, na dawa isingekatika. Hakulisema kwa ukali. Afadhali angenitukana.

Nikamwendea Pilar kumwambia lile kosa halikuwa lake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa, "Siku tatu, Mzee, uliniacha nikilia." Akarudi kwa mgonjwa.

Alhamisi, 20 Machi

Homa imeisha. Awino anakaa, anakula uji, analala na kijiko mkononi. Atapona, wamesema. Nikapata ruhusa ya kuingia. Nikamzungukia kwa nyuma nikatoa kuku wangu, yule aliyetaga.

Hakugeuka.

Nikarudia kwa nguvu. Wodi nzima ikageuka. Yeye aliendelea na uji wake.

Pilar alikuwa mlangoni na mafaili. Tuliangaliana. Akaja nyuma ya mtoto akapiga makofi. Mara moja, mara mbili. Akinyi alituona. Hakuna aliyemweleza.

Nimekosa hamu ya chakula. Mama Ouma anauliza ni nini. Nimemwambia jino.

Ijumaa, 4 Aprili

Kundi jipya la madaktari limefika. Nilimrudishia Daktari Kaur beji, akaisukuma tena upande wangu. Akasema babu mkaidi anahitajika, lakini sasa ana sentensi mpya, nami ndiye niliyemwambia aiweke: "Niliambiwa na mtu wa hospitali." Leo watatu walishindwa kunijibu. Pilar hakwenda kwao. Amekaa nyuma ya darasa, ananiandikia makosa yangu. Hatujarudi kutaniana.

Kibandani nakunywa chai nimekaa.

Mchana Akinyi alileta mtoto kupimwa masikio. Tulikaa benchi moja, nafasi ya mtu mmoja kati yetu. Awino akanijia, akaivuta ile beji mpaka nikaivua. Akaivaa, utepe ukamfika magotini, akaondoka nayo akikagua wagonjwa kwenye foleni.

"Awino, rudisha hiyo kitu ya Mzee," mama yake akaita.

Akaita tena.

Kisha akakumbuka, akainuka, akamfuata kumgusa bega.