Safu ya Tatu

Jumatatu, 3 Juni

Gari la Baba limekufa kabisa. Fundi alifungua boneti, akachungulia, akaifunga taratibu kama mtu anayefunika kitu ambacho watoto hawapaswi kukiona. Akasema, mzee, hapa tunadanganyana tu. Baba hakubisha.

Hata lingepona lisingetutosha. Tangu Mama mdogo ahamie kwetu na wanawe wawili, tuko wanane. Baba, Mama, mimi, wadogo zangu wawili, na wao watatu. Tukitoka pamoja, mimi napakata mtu na mtu ananipakata.

Mama mdogo ameuza cherehani zake zote nne, zile za kushonea sare za shule. Anataka tununue gari la juu lenye safu tatu za viti. Baba alikataa hizo pesa, Mama akakataa, mwisho bahasha ikabaki mezani.

Kazi yangu ni kusoma matangazo ya magari kwenye simu, maana mengi ni ya Kiingereza. Baba ananiita Mkalimani. Anasema nina lugha mbili na zote nimezifungia ndani. Ni kweli.

Jumatano, 5 Juni

Magari matatu ya bei inayoongeleka. La kijivu: safu tatu, viti saba, kilomita nyingi mno. Jeupe: safu tatu, lakini buti likibeba begi moja limejaa. La bluu: zuri, na bei imeandikwa "piga simu", maana yake kaa mbali.

Baba aliuliza hii kompakti wanayoisema kila mahali ni nini. Nikasema ni ndogo, iliyojikaza. Akasema, ndogo, halafu watu saba? Hilo ni gari au begi la mwanafunzi? Mama mdogo alicheka mpaka akakohoa, na akakohoa muda mrefu. Baba akawa anaangalia kucha zake.

Ijumaa, 7 Juni

Nimefanya kosa.

Mama alimsindikiza Mama mdogo hospitali. Daktari aliongea na mgonjwa peke yake, mlango umefungwa. Wakarudi na barua. Mama alikuwa ameuliza njia nzima: kasemaje? Na Mama mdogo anajibu hivyo hivyo: yote yameandikwa, Mkalimani atakusomea. Akaenda kujilaza.

Nikasoma nimesimama, Mama ananitazama mdomoni. Maneno mengi niliyajua. Moja sikuwa na hakika nalo — palliative. Nilikumbuka mwalimu wa baiolojia aliwahi kusema maana yake ni kutuliza. Basi nikasema: kuanzia sasa atapewa matibabu ya kutuliza.

Mama akashika kifua. Umetulia? Ugonjwa umetulia?

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilisema "wameandika kutuliza", kwa ile sauti yangu ya kuomba radhi, na Mama alishaninyang'anya karatasi akaibusu. Mistari ya chini sikuifikia. Akaingia jikoni anaimba. Anaimba! Miezi minne sijamsikia.

Nimefungua kamusi. Kutuliza maumivu ya ugonjwa usioponyeka.

Nimeisoma mara sita. Haibadiliki.

Jumamosi, 8 Juni

Baba amebadili mawazo. Fundi mwenzake wa majokofu anauza gari la viti vitano, safi, limetunzwa kama yai. Alituambia tukiwa mezani. Shemeji akipona si atarudi kwake? Sasa safu ya tatu tutampakia nani, upepo?

Mama akacheka. Siku hizi anacheka kwa kitu chochote.

Mama mdogo alikuwa anachambua wali sahanini bila kula. Akasema, shemeji, mimi nataka safu tatu. Baba akamtania kwamba mgonjwa akianza kuchagua magari, huyo amepona. Akarudia, bila kuinua kichwa: nataka safu tatu.

Nilifungua mdomo. Wote wakageuka, maana mimi kuongea mezani ni tukio. Nikaomba chumvi.

Jumapili, 9 Juni

Nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza Mama alikuwa anasuka nywele za mtoto wa Mama mdogo, yule wa miaka kumi, na wanaongea habari za kurudi kwao. Mara ya pili alikuwa peke yake. Akaniuliza unataka nini mwanangu, mbona umesimama kama nguzo. Nikasema sitaki kitu.

Jumatatu, 10 Juni

Leo nimesema. Si kwa Mama — kwa Mama mdogo.

Alikuwa anarefusha sketi ya shule ya bintiye kwa mkono. Sindano inamsumbua siku hizi, mimi ndiye natia uzi. Nikasema nikiangalia tundu la sindano: Mama mdogo, lile neno nililitafsiri vibaya.

"Najua."

Hivyo tu. Nikamuuliza anajuaje.

"Daktari aliniambia kwa Kiswahili safi kabisa, mama. Hakunificha hata herufi."

Sasa kwa nini hakumwambia Mama? Akasema alishindwa. Alifikiri nikisoma mimi, dada yake atalisikia kutoka kwenye karatasi, si mdomoni mwake. "Nikajilaza kule nasubiri kilio. Nikasikia wimbo. Nikashindwa tena."

Akaniomba radhi. Yeye, mimi! Halafu akaniomba kingine: ninyamaze mpaka gari linunuliwe. Baba akijua leo, pesa za cherehani zote zitaishia hospitali, na yeye atakufa vilevile. Alilisema neno hilo kama mtu anayesema atapiga pasi.

Nikamwambia wanawe tutakaa nao hata bila gari.

"Mtakaa nao. Lakini kila mkitoka, watapakatwa. Anayepakatwa ni mgeni. Wangu nataka wawe na viti vyao."

Nimekubali. Au nimenyamaza. Kwangu hivyo viwili vimeshakuwa kitu kimoja.

Jumatano, 12 Juni

Mama amemnunulia Mama mdogo viatu vya kurudia kazini. Vyeusi, kisigino kifupi. Vinampwaya. Mama anasema si kitu, atanenepa.

Ijumaa, 14 Juni

Baba amekubali kwenda kuliona la kijivu kesho. Kuona tu, anasema. Nadhani ni kwa sababu Mama mdogo jana hakula, na mtu akigoma kula kwetu anapewa anachotaka.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika ndani ya gari la kijivu, kwenye yadi ya magari. Niko safu ya nyuma kabisa. Wadogo wote wamebaki kwa jirani. Naandika haraka.

Tulipofika, dalali alitufungulia milango yote kama anatukaribisha kwake. Mwenye maneno huyo. Akamwambia Baba, mzee, safu ya mbele ni ya wenye gari, ya kati ni ya unaowapenda, ya nyuma ni ya wale wanaokuja bila kualikwa. Baba akacheka. Mama mdogo hakucheka. Alitoa futi ya kushonea mkobani akasema, nipisheni.

Kuingia huku nyuma ni lazima kiti cha kati kikunjwe mbele. Dalali akakikunja, nikapita mimi, kikarudishwa, kisha Mama mdogo akapanda akakaa cha kati, akageuka. Akanipima goti mpaka mgongo wa kiti. Akanipima kichwa mpaka dari. Alinipima kama anavyopima wanafunzi wa sare, midomo inasema namba bila sauti. Akaniambia niinyooshe miguu, niikunje. Mimi nina kumi na sita. Bintiye ana kumi.

"Hapa kuna pindo la miaka sita," akasema. "Panafaa."

Dalali akaona biashara imekaa vizuri, akazidisha. Baba akamtajia idadi yetu. Kumbe mko wanane? Nina la viti vinane pale, bei ileile, kati ni benchi. Baba akafurahi kabisa. Sasa hilo ndilo letu! Mama naye akapiga kofi, nusu aende mbio kuliangalia.

Mama mdogo akasema hapana. Saba vinatosha.

Mama akamwambia, wewe, hesabu imekupotea? Tuko wanane. Akaanza kututaja kwa vidole dirishani. Alipofika kwake akasema, na wewe.

"Saba, Dada."

Dalali ndiye aliyetangulia kuelewa, nilimwona. Aliinamisha kichwa akaanza kufuta kioo cha pembeni kwa mkono wa shati. Kisha Baba akavua kofia. Mama bado ameinua vidole. Vidole saba vimesimama na kimoja hakijui kwa kwenda.

Mama mdogo amelaza kiti kidogo, amefumba macho, futi iko mapajani. Hapo ndipo Mama aliponiangalia mimi, juu ya kichwa cha mdogo wake. Alikwenda na Baba mpaka ukutani, wakasimama. Naona mabega ya Baba. Naona Mama anafungua mkoba, anatoa ile karatasi, anaikunjua, anaiangalia kana kwamba ikiangaliwa sana itajisoma yenyewe.

Sasa anakuja.

Amefika kwenye kioo changu. Anagonga kwa ukucha. Anasema shuka, mwanangu, njoo unisomee yote.

Nataka kushuka. Safari hii nataka kweli, maneno ninayo, ya lugha zote mbili. Ila huku nyuma hakuna mlango. Ni lazima kiti cha kati kikunjwe, na Mama mdogo amelala juu yake, kwa mara ya kwanza leo hakohoi, na Mama anaendelea kugonga