Tumbo la Mahfoudh Limegoma

Thuraya,

Uji wa mtama uko jikoni. Mpe baba yako, na maji gudulia zima. Leo siku ya tano hajapata choo. Asubuhi nimemkuta kajikunja kitandani, ati, "Dada, nimerogwa!" Umerogwa na biskuti za Wadachi, kaka! Sijasahau: bendera ya hao Wajerumani ilipopanda sisi tulinuna, yeye akapokea kopo zima. Utumbo mpana hunyonya maji na kusukuma taka nje; ukikosa makapi na maji, taka hukauka humo humo.

~~Mganga asiingie.~~ Aingie, ila na sanamaki ya kulainisha choo, si hirizi.

Alasiri watu wanamngojea barazani awaambie Wadachi watoke forodhani. Asipotokea nitasema mimi, na nikiulizwa aliko nitajibu: yuko chooni, anaanza na Wadachi waliomo tumboni.

Shangazi yako